Pasi ya treni au tiketi ya kawaida? Hesabu ya kufanya mbele ya kuzunguka Ulaya

Mkongomani anayepata visa ya Schengen ni mara chache anasafiri kwa ajili ya mji mmoja. Dada anaishi Bruxelles, mjomba yuko Paris, mtoto wa shangazi anasoma Köln, na kila mmoja anangojea kutembelewa. Tiketi ya ndege imekwisha kulipwa, mara nyingi kwa mchango wa jamaa nzima. Kinachobaki ni kuzunguka, na katika sehemu hiyo ya Ulaya watu wengi huzunguka kwa treni.

Hapo ndipo feza ya wageni wengi inapotelea. Mmoja ananunua pasi ya mamia ya euro, kisha anaitumia mara mbili tu. Mwingine anangoja mpaka asubuhi ya safari na kulipa mara tatu ya bei ambayo jirani yake wa kiti alilipa. Mwingine tena anapanda treni akiwa na tiketi ambayo ilikuwa ya treni iliyotangulia, na kontroleri anamwandikia faini. Makosa hayo yote yanaepukika, mradi hesabu ifanyike kabla ya kulipa.

Treni moja, bei kumi

Anayezoea treni ya SNCC kati ya Lubumbashi, Kalemie na Kindu, au mashua za ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu, anajua kwamba bei inafuata daraja: wa juu analipa zaidi, wa chini analipa kidogo. Ulaya daraja lipo pia, lakini kuna jambo lingine lenye uzito zaidi: siku ambayo tiketi ilinunuliwa.

Treni za mwendo wa kasi, kama vile Eurostar kati ya Bruxelles na Paris, TGV za Ufaransa au ICE za Ujerumani, zinauza viti kama ndege zinavyouza. Viti vya kwanza ni vya bei ya chini. Kadiri treni inavyojaa, bei inapanda. Kati ya Bruxelles na Paris, safari ya Eurostar ya saa moja na dakika 22 hivi, aliyenunua miezi miwili mbele anaweza kulipa euro 35 au 40, na aliyenunua siku ileile anaweza kulipa zaidi ya euro 100. Kiti ni kilekile na kahawa ni ileile.

Tiketi hizo za bei ya chini zina sharti lake: ni za treni moja, ya siku moja, ya saa moja. Ukichelewa dakika tano, treni inakwenda na tiketi yako inakwenda nayo. Nyingine zinabadilishwa kwa malipo, nyingine hazibadilishwi kabisa. Maneno ya masharti hayo yanaandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei, na ndiyo ya kusomwa kwanza.

Treni za kawaida za ndani ya inchi ni hadithi tofauti. Katika Ubelgiji, tiketi ya kutoka Bruxelles mpaka Liège, Namur au Anvers inafuata umbali wa njia, si siku ya kununua. Inafaa kwa treni yoyote ya siku iliyoandikwa, na hakuna kiti cha kuweka mbele. Hapo hakuna faida ya kukimbilia kununua miezi miwili kabla. Kuna hasara moja tu ya kuepuka: kulipa ndani ya treni kwa kontroleri kunagharimu zaidi kuliko kulipa kwenye gishe, kwenye mashine au kwenye telefone.

Kati ya hizo mbili kuna njia ya tatu ambayo wageni wengi hawaijui. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2024, treni za Ouigo za mwendo wa kawaida zinatembea kati ya Bruxelles-Midi na Paris-Nord. Zinachukua karibu masaa matatu, lakini bei yake ilianzia euro 10. Kwa mtu aliyekuja kusalimia ndugu na ambaye hakimbilii mkutano wa kazi, saa moja na nusu ya kukaa dirishani si gharama kubwa.

Pasi ya Eurail inafunika nini

Pasi inayosemwa sana na wageni ni Eurail. Ilianza mwaka 1959, na leo inafaa katika inchi 33. Inauzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni siku za kuchagua: siku 4, 5 au 7 za kupanda treni ndani ya mwezi mmoja, au siku 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Ya pili ni siku za mfululizo: siku 15, siku 22, au mwezi mmoja, miwili au mitatu bila kukatisha.

Siku moja ya pasi inaanza saa 00:00 na inaisha saa 23:59. Ndani yake, mwenye pasi anaweza kupanda treni moja au treni sita, ni mamoja. Akipanda treni ya usiku na kushuka asubuhi bila kubadilisha treni njiani, inahesabiwa siku ya kuondoka tu.

Bei inafuata umri. Mwenye miaka 12 mpaka 27 anapunguziwa karibu robo ya bei ya mtu mzima. Mwenye miaka 60 na zaidi anapunguziwa asilimia 10. Mtoto wa miaka 4 mpaka 11 hasafiri bure kimyakimya: lazima achukuliwe pasi yake ya mtoto, ambayo hailipiwi, na mtu mzima mmoja anaweza kuongozana na watoto wawili wa namna hiyo. Kwa wazazi wenye watoto, hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu yote.

Mwaka 2025, pasi ya daraja la pili ya siku 4 kwa mtu mzima ilikuwa inauzwa karibu euro 280, na ya siku 7 karibu euro 380. Lakini bei hiyo si mwisho wa malipo. Katika TGV za Ufaransa, Eurostar, treni za kasi za Italia na za Uhispania, mwenye pasi lazima aweke kiti mbele na kulipia. Kwa Eurostar, kiti hicho kinakaribia au kupita euro 30 kwa safari moja, na viti vinavyowekwa kando kwa wenye pasi vina idadi. Vikiisha, treni inaweza kuondoka na viti vitupu huku mwenye pasi akibaki kwenye kituo.

Katika Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji, treni nyingi hazidai kiti cha kuwekwa. Mwenye pasi anapanda tu. Kwa sababu hiyo pasi ina nguvu zaidi upande wa mashariki na kaskazini ya Paris kuliko upande wa kusini.

Siku hizi pasi inakaa ndani ya telefone, katika programu ya Rail Planner. Kuinunua hakutoshi. Lazima iamshwe kabla ya safari ya kwanza, kwa jina na namba ya pasiporti, na kila treni iongezwe katika pasi kabla ya kupanda. Aliyepanda kwanza kisha akaanza kutafuta intaneti mbele ya kontroleri anahesabiwa kama asiye na tiketi. Na telefone iliyozimika kwa kukosa moto ni pasi iliyozimika.

Eurail si Interrail

Kosa moja linafanywa na watu wa nia njema. Mtoto anayeishi Bruxelles anataka kumsaidia mama anayekuja kutoka Bukavu, anafungua telefone yake na kumnunulia pasi ya Interrail, ile anayoitumia yeye mwenyewe. Pasi hiyo haimfai mama.

Interrail, iliyoanza mwaka 1972, ni ya watu wanaoishi Ulaya. Eurail ni ya watu wanaoishi nje ya Ulaya. Kinachoangaliwa ni makao ya mtu, si rangi ya pasiporti. Mkongomani mwenye kibali cha kukaa Ubelgiji anatumia Interrail, hata kama pasiporti yake ni ya Kongo. Ndugu yake anayeishi Uvira na amekuja kwa majuma matatu anatumia Eurail. Hao wawili wakipanda treni moja, kila mmoja anabeba pasi yake tofauti.

Kuna tofauti nyingine: mwenye Interrail hawezi kuzunguka apendavyo katika inchi anamoishi. Anapewa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi ndani ya inchi hiyo. Mwenye Eurail hana kizuizi hicho.

Hesabu ya safari mbili

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la treni linahitaji mistari michache tu.

Mfano wa kwanza ni wa mama mwenye miaka 55, anayekaa kwa binti yake Bruxelles kwa majuma matatu. Anataka kwenda Paris na kurudi, Köln na kurudi, Luxembourg na kurudi, na kila mahali alale siku mbili. Hizo ni siku sita za treni, kwa hiyo pasi ya siku 4 au 5 haitoshi, na anahitaji ya siku 7, karibu euro 380. Aongeze viti vya Eurostar vya kwenda na kurudi Paris, zaidi ya euro 60. Jumla inapita euro 440.

Sasa tiketi za kawaida. Ikiwa zimenunuliwa mapema, na Paris imepatikana kwa euro 40, Köln kwa euro 35 na Luxembourg kwa euro 25 kila upande, jumla ni euro 200. Hata akichelewa kununua, na Paris ikapanda mpaka 110 na Köln mpaka 60, jumla inafika euro 390. Katika hali zote mbili, pasi imeshindwa. Inchi hizo ziko karibukaribu, na njia fupi hazilipi pasi.

Mfano wa pili ni wa kijana wa miaka 25 anayetaka kutoka Bruxelles mpaka Berlin, kisha Prague, kisha Vienne, kisha Zürich, kisha kurudi Bruxelles, bila kujua bado ni siku gani ataondoka kila mji. Hizo ni siku tano za treni ndefu. Pasi ya siku 5 kwa umri wake inakaribia euro 240, na njia zote hizo zinaweza kufuatwa kwa treni ambazo kwa kawaida hazidai kiti. Akinunua tiketi moja moja siku ileile, kila moja ikipanda mpaka euro 80 au 100, anatumia euro 400 mpaka 500. Hapo pasi imeshinda.

Lakini kijana huyohuyo akijua tarehe zake miezi miwili mbele, na kila tiketi ikipatikana kwa euro 40, analipa 200. Tena tiketi zinashinda. Pasi basi inauza vitu viwili: umbali na uhuru wa kuamua asubuhi ya safari. Asiyehitaji kimoja kati ya hivyo analipia kitu asichokitumia.

Fundisho hilo halihusu Ulaya peke yake. Katika Japani, kwa miaka mingi wageni waliambiana kununua Japan Rail Pass bila kuuliza. Mwezi wa 10 mwaka 2023, pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29.650 mpaka yeni 50.000. Kwenda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi ni karibu yeni 28.000. Safari hiyo iliyokuwa karibu kulipa pasi nzima leo hailipi hata sehemu mbili kati ya tatu. Shauri lililokuwa zuri mwaka 2019 linaweza kuwa baya leo, na ndugu aliyesafiri zamani anasema kweli ya wakati wake.

Pasi haifungui mpaka

Hili ndilo jambo la hatari zaidi kwa mwenye pasiporti ya Kongo. Inchi 33 za Eurail si inchi 29 za Schengen. Ndani ya orodha ya Eurail kuna Uingereza, Ireland na Uturuki, ambazo visa ya Schengen si mlango wake. Kampuni ya treni inauza pasi bila kuuliza visa. Anayeuliza ni askari wa mpaka.

Kwenda London kwa Eurostar, ukaguzi wa pasiporti unafanyika kabla ya kupanda, huko Bruxelles-Midi au Paris-Nord. Asiye na visa ya Uingereza hapandi. Na mwenye visa ya Uingereza ana jambo lingine la kuangalia: kama visa yake ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, kutoka kwenda London kunaimaliza. Hata ikibaki na siku 20 mbele, hataruhusiwa kurudi Bruxelles kuchukua ndege yake ya nyumbani. Neno la kutafuta kwenye visa ni idadi ya kuingia: 1, 2, au MULT.

Ndani ya Schengen, treni inavuka mipaka bila kituo cha uhamiaji, lakini polisi wanaweza kupanda na kuomba makaratasi, hasa kwenye treni za kuingia Ujerumani na Ufaransa. Pasiporti yenyewe inasafiri na mwenyewe. Kopi iliyobaki kwenye telefone, huku pasiporti iko kwenye kabati ya binti Bruxelles, haitoshi.

Ujerumani na Luxembourg: mlango wa bei nafuu

Anayekwenda kukaa muda katika inchi moja aangalie kwanza pasi za inchi hiyo. Ujerumani ina Deutschlandticket, iliyoanza tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Mwaka 2025 ilipanda mpaka euro 58, na mwanzo wa 2026 mpaka euro 63. Kwa bei hiyo, mtu anapanda treni zote za majimbo, metro, tramu na basi za miji katika Ujerumani yote. Mgeni pia anaruhusiwa kuinunua.

Ina mipaka miwili. Haifai kwenye treni za kasi na za mbali: ICE, IC na EC. Kutoka Köln kwenda Berlin kwa treni za majimbo ni kubadilisha treni mara nyingi na kumaliza siku nzima njiani. Mpaka wa pili ni wa feza: si tiketi bali ni abonema. Inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka mwenyewe aikatishe, na lazima aikatishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi ili iishe mwisho wa mwezi huo. Mgeni aliyerudi Bukavu bila kuikatisha, au ndugu aliyeinunua kwa akaunti yake, ataendelea kukatwa. Wauzaji wengine wanaiuza kwa mpango wa mwezi mmoja, na hao ndio wa kutafuta.

Luxembourg ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwisho wa mwezi wa 2 mwaka 2020, treni, tramu na basi ni bure ndani ya inchi nzima, kwa mkaaji na kwa mgeni. Daraja la kwanza la treni ndilo linalolipiwa. Kwa hiyo anayetoka Ubelgiji analipia njia mpaka mpakani, na baada ya hapo anatembea bila tiketi.

Paris: kila mtu na kadi yake

Mji wa Paris una masharti yake yanayowachanganya hata Wafaransa wa mikoa mingine. Tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2025, bei za kanda zilifutwa kwa tiketi moja moja. Tiketi ya metro, RER na treni ya mji iliwekwa euro 2,50 kwa Île-de-France nzima, ile ya basi na tramu euro 2, na ya kwenda viwanja vya ndege euro 13. Bei hizo zinaongezwa kidogo mwaka kwa mwaka.

Tiketi za karatasi zinaondolewa. Mgeni ananunua kadi ya Navigo Easy kwa euro 2, kisha anaijaza tiketi. Wawili hawawezi kupita kwa kadi moja katika safari moja: baba, mama na mtoto mkubwa wanahitaji kadi tatu. Na tiketi ya metro ya kawaida haifai kwenye RER ya kwenda Roissy-Charles de Gaulle. Mlango wa kuingilia mjini unaweza kufunguka, lakini wa kutokea uwanja wa ndege unabaki umefungwa, na kontroleri yuko karibu.

Pasi ya juma ya Navigo, inayopita kidogo euro 30, inafunika hata viwanja vya ndege. Lakini juma lake linaanza Siku ya Kwanza asubuhi na kuisha Siku ya Yenga usiku, bila kujali siku ya kununua. Aliyefika Siku ya Kwanza anapata siku saba. Aliyefika Siku ya Ine na kuinunua amelipia siku tatu ambazo zimekwisha kupita.

Mzigo kutoka nyumbani

Ndege nyingi zinazotoka Afrika zinaruhusu masanduku mawili ya kilo 23, na Mkongomani anayejiheshimu hayaachi yakiwa nusu: kuna unga wa muhogo, samaki wakavu, sombe na vitenge vya kugawia jamaa. Treni haipimi kilo, lakini inahesabu vipande. Eurostar na TGV Inoui zinaruhusu masanduku mawili na mfuko mmoja wa mkono, na kwenye TGV kila kipande lazima kiandikwe jina la mwenyewe. Ouigo inaruhusu bure mfuko mdogo na sanduku dogo tu. Sanduku kubwa linalipiwa, na ni nafuu kulilipia wakati wa kununua kuliko kungoja kwenye kituo. Ile tiketi ya bei ya chini kabisa inaweza kupoteza faida yake yote kwa sanduku moja.

Anayeshuka uwanja wa ndege wa Bruxelles-Zaventem ajue pia kwamba kituo cha treni kiko chini ya jengo lenyewe, na kwamba tiketi za kituo hicho zina nyongeza iitwayo Diabolo, inayopita euro 6. Aliyenunua tiketi ya Bruxelles mjini bila nyongeza hiyo hatapita mlango.

Na tiketi ya treni ya kasi isinunuliwe kwa saa moja baada ya ndege kutua. Anayetoka Kigali, Entebbe, Bujumbura au Kinshasa anapita kwanza uhamiaji, kisha anangojea mizigo. Ndege ikichelewa, kampuni ya treni haihusiki, kama tiketi hizo mbili zilinunuliwa mbalimbali. Masaa matatu au manne katikati yanalinda feza kuliko bima.

Kulipa bila kuibiwa

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hazilipi treni za Ulaya moja kwa moja. Kinachohitajika ni kadi ya benki ya Visa au Mastercard. Hata hiyo ina mtego wake: benki inatuma namba ya siri kwa telefone ya Kongo ili kuthibitisha malipo. Kama laini hiyo imezimwa au haipati mtandao huko Ulaya, malipo yanakataliwa mbele ya mashine, na treni inaondoka. Afadhali kununua tiketi kubwa kabla ya kuondoka nyumbani, au kuangalia kwa benki kama namba hiyo inaweza kufika kwa njia nyingine.

Ndugu anayelipa kutoka Ulaya aandike jina kama lilivyo kwenye pasiporti, na si jina la nyumbani. Aliyeandikwa Mama Furaha kwenye tiketi na jina lingine kwenye pasiporti atajieleza kwa shida.

Kuna pia wauzaji wa WhatsApp na Facebook wanaotoa tiketi ya Paris au Londres kwa nusu ya bei. Wanatuma picha ya mraba wa alama za kusomwa na mashine. Picha hiyo inaweza kuuzwa kwa watu kumi, na wa kwanza kuisomesha ndiye anayesafiri. Wengine wananunua kwa kadi za benki zilizoibwa, kisha tiketi inafutwa mbele ya siku ya safari. Mlango salama ni wa kampuni zenyewe: SNCB kwa Ubelgiji, SNCF Connect kwa Ufaransa, DB kwa Ujerumani, NS kwa Uholanzi, Eurostar kwa njia zake, na Eurail kwa pasi. Gishe nazo bado ziko katika vituo vikubwa, na kuuliza hakulipiwi.

Treni ikichelewa, abiria ana haki

Jambo moja ambalo wageni wengi wanaacha ni haki yao. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 2023, abiria aliyefikishwa na ucheleweshaji wa dakika 60 mpaka 119 anaweza kudai robo ya bei ya tiketi. Ukifika masaa mawili na zaidi, anaweza kudai nusu. Kuna hali ambazo kampuni inasamehewa, kama vile mafuriko makubwa. Na ikionekana mapema kwamba treni itachelewa dakika 60 au zaidi, abiria anaweza kuchagua kurudishiwa feza ya tiketi au kupelekwa kwa njia nyingine.

Ili kudai, lazima tiketi ihifadhiwe. Tena, anayebadilisha treni njiani anakingwa vizuri zaidi akiwa na tiketi moja ya safari nzima kuliko akiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Kwa tiketi moja, treni ya kwanza ikichelewa, kampuni inamtafutia ya pili. Kwa tiketi mbili, ya pili inaweza kumpotea.

Maswali matano mbele ya kulipa

Mwishoni, mgeni aliye na karatasi na kalamu anaweza kujibu maswali matano. Je, visa yangu inaniruhusu kuingia kila inchi iliyo njiani, na kurudi? Nitapanda treni siku ngapi kweli, si siku ngapi ninatamani? Tarehe zangu zinajulikana au hapana? Treni ninazozitaka zinadai kiti cha kulipia juu ya pasi? Mizigo yangu inapita?

Anayejibu kwamba safari ni fupi na tarehe zinajulikana, anunue tiketi za kawaida, na azinunue mapema. Anayejibu kwamba atapita inchi nyingi, kwa njia ndefu, na ataamua akiwa njiani, aangalie pasi. Na anayekaa mji mmoja kwa mwezi mzima haihitaji Eurail hata kidogo: pasi ya mji huo na tiketi mbili tatu za kutoka nje zinamtosha, na feza inayobaki itanunua zawadi za kurudi nazo nyumbani.